Bibi Muuguzi wa Kisesa
Bango hili linawaenzi wauguzi waliozeekea kazini hapa Kisesa, wilayani Magu. Siku ya kliniki walipima watoto kwenye mizani ya kuning'iniza, wakadunga chanjo na kujaza kadi. Usiku waliamshwa kwenda kuzalisha. Mgonjwa mahututi alipelekwa Bugando, hospitali ya Mwanza iliyofunguliwa mwaka 1971.

Kuanzia mwaka 1994 watafiti wamefuatilia UKIMWI katika kata hii, kaya kwa kaya. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004. Kabla ya hapo muuguzi aliwauguza majirani hadi mwisho, na bibi wengi walibaki kulea wajukuu yatima.

Mtumishi wa umma hustaafu akiwa na miaka 60, bibi hastaafu. Ukimkuta mmoja wao, mwamkie shikamoo.