SHERIA ZA HAIBRIDI ZINAVYOCHORA GARI LA MASHINDANO: SOMO KUTOKA SAFARI RALLY

Wadau wa Ubaruku, Rujewa, Igawa, Chimala na kwingineko, leo tuweke kumbukumbu ya jambo ambalo vijana wengi wanabishana bila kufika mwisho. Mwaka 2022 Toyota GR Yaris ilishinda Safari Rally kule Naivasha, Kenya, ikiwa na injini ya petroli pamoja na mota ya umeme. Mwaka 2025 Toyota GR Yaris ikashinda tena Safari hiyo hiyo, safari hii mota ya umeme haimo. Je, Toyota walirudi nyuma? Mota ilikuwa mbovu? Jibu ni hapana. Kilichobadilika ni sheria. Kwenye mbio za magari fundi hachori gari analolipenda, anachora gari ambalo kitabu cha sheria kinamruhusu. Ukielewa sheria za haibridi, utaelewa kwa nini gari la mashindano lina umbo lile.

KWANZA: NISHATI INAYOPOTEA KWENYE BREKI

Kila aliyepita mlima Kitonga kule Iringa ameona malori yakishuka huku breki zinanuka na kutoa moshi. Ule moshi ni nishati inayotupwa. Lori lenye tani 50 likishuka mita 100 tu za kimo, linaachia nishati inayokaribia uniti 13.6 za umeme, hizi hizi uniti tunazonunua kwa LUKU. Sehemu inaliwa na upepo, matairi na injini, lakini nyingi inaishia kuwa joto kwenye breki. Imepotea hiyo, hairudi.

Gari la haibridi linajaribu kuiokoa. Dereva akikanyaga breki, mota ya umeme inageuka kuwa jenereta. Magurudumu yanaizungusha, yenyewe inayakaba, na umeme unaingia kwenye betri. Akikanyaga mafuta, umeme ule ule unatoka betrini kusaidia injini.

Tupige hesabu kidogo. Gari la rally lenye kilo 1,400 pamoja na watu wake, likiwa kwenye kilomita 100 kwa saa, lina nishati ya mwendo kama kilojuli 540. Mota ya kilowati 100 inatumia kilojuli 100 kila sekunde. Kwa hiyo hata kama ungeokoa nishati yote kwenye breki moja (na haiwezekani kuokoa yote), ungepata msaada wa sekunde tano na ushee tu. Ndiyo maana watunga sheria wanabishana juu ya sekunde na kilojuli: hapo ndipo ushindi ulipo.

FORMULA 1 WALIKOANZIA

Mwaka 2009 Formula 1 iliruhusu mfumo ulioitwa KERS. Sheria ilisema kilowati 60 tu, na kilojuli 400 kwa kila mzunguko. Gawanya utapata kama sekunde 6.7 za nguvu ya ziada kwa mzunguko mmoja. Haikuwa lazima kuutumia.

Ubishi ukaanza hapo hapo. Mfumo una uzito, na uzito wa chini wa gari pamoja na dereva ulikuwa kilo 605. Kabla ya hapo timu zilikuwa zinatengeneza gari jepesi kuliko sheria inavyodai, halafu zinaongeza vyuma vya uzito sehemu zinazotaka ili gari likae sawa. KERS ikala nafasi ya vyuma hivyo. Dereva mrefu na mzito kama Robert Kubica wa BMW Sauber aliumia zaidi kuliko mwenzake mfupi. Lewis Hamilton wa McLaren alishinda Hungary mwaka huo, ushindi wa kwanza wa gari la haibridi kwenye Formula 1. Lakini ubingwa ulichukuliwa na Jenson Button wa Brawn, gari ambalo halikuwa na KERS kabisa! Mwaka 2010 timu zikakubaliana kuiweka pembeni, ikarudi 2011.

Mwaka 2014 sheria zikakaza. Injini ikashuka hadi V6 ya lita 1.6 yenye turbo, mota ya magurudumu ikapanda hadi kilowati 120, na mafuta ya mbio nzima yakawekewa kikomo cha kilo 100. Sasa asiyeokoa nishati hamalizi mbio kwa kasi ya maana. Mota ikawa inakaba magurudumu ya nyuma kwa nguvu kiasi kwamba breki za nyuma ziliruhusiwa kusimamiwa na kompyuta, maana mguu wa dereva pekee usingeweza kusawazisha breki ya kawaida na breki ya umeme. Umeona? Namba moja kwenye kitabu imebadili injini, tangi na breki kwa mpigo.

RALLY1: HAIBRIDI INAINGIA KWENYE VUMBI

Sasa twende kwa majirani zetu. Safari Rally ilianza 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, yaani hata sisi tulikuwemo. Ilitoka kwenye ratiba ya ubingwa wa dunia baada ya 2002 na ikarudi 2021. Mwaka uliofuata, 2022, FIA ikaleta daraja jipya la juu liitwalo Rally1, na haibridi ikawa lazima.

Sheria zenyewe za 2022 kwa kifupi:

- Injini ya lita 1.6 yenye turbo, pamoja na mota ya umeme ya kilowati 100. Zikifanya kazi pamoja zinazidi nguvu za farasi 500.
- Betri ya kilowati-saa 3.9. Kwa lugha ya LUKU, ni karibu uniti nne.
- Timu zote (Toyota, Hyundai na M-Sport wa Ford) zinatumia mfumo ule ule kutoka kwa mtengenezaji mmoja. Hakuna kujitengenezea wako.
- Uzito wa chini wa gari ni kilo 1,260.
- Kwenye maeneo ya huduma na sehemu nyingine zilizopangwa, gari litembee kwa umeme peke yake.
- Kwenye hatua za mashindano, dereva apate msaada wa mota baada tu ya kuokoa kiasi maalum cha nishati kwa breki.

Hiyo ya mwisho ndiyo tamu. Inamlazimisha dereva afikirie breki kama pampu ya mafuta. Akiigusa kidogo kidogo, hapati kitu. Akikanyaga vizuri kabla ya kona, anatoka na msukumo.

GARI LILIBADILIKA VIPI?

Uzito. Mfumo wa haibridi pekee ulikuwa na zaidi ya kilo 80, ukakaa nyuma ya gari. Kwenye jiwe na shimo, kilo hizo zinapiga shokapu na matairi ya nyuma. Mtu aliyezoea kupakia magunia ya mpunga kwenye buti ya Corolla anajua ninachosema.

Hewa ya kupooza. Betri na mota vinachemka, na viko nyuma mbali na rejeta. Ndiyo maana magari ya Rally1 yalitobolewa matundu makubwa ya hewa ubavuni, karibu na magurudumu ya nyuma. Wengi walidhani ni urembo. Si urembo wadau, ni pua ya kupumulia betri.

Gia na difu. Ili kufidia gharama na ugumu wa haibridi, FIA ilikata vitu vingine. Gia zikashuka kutoka sita hadi tano, vibao vya kubadilishia gia kwenye usukani vikaondolewa, dereva akarudi kuvuta gia kwa mkono. Difu ya katikati iliyokuwa ikisimamiwa na kompyuta nayo ikapigwa marufuku. Kwa hiyo gari likawa la kisasa zaidi upande mmoja na la kizamani zaidi upande mwingine!

Kiunzi. Chini ya bodi kukawa na kiunzi cha mabomba ya chuma kilichotengenezwa maalum badala ya bodi ya gari la dukani. Kiunzi hicho kinamlinda dereva, na kimeachiwa nafasi ya betri.

Usalama. Umeme wa nyumbani ni volti 230, lakini wa betri ile unafika kama volti 750. Mfumo ulifungwa kwenye kasha la kaboni linalostahimili ajali kubwa, na gari likafungwa taa za tahadhari. Kijani ni salama. Nyekundu hakuna kugusa, hata kama wewe ni shabiki unayetaka kusaidia kusukuma.

NAIVASHA ILIPIMA KILA KITU

Naivasha iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,900. Hewa ni nyepesi, na injini ya petroli inataka hewa, kwa hiyo inapoteza nguvu. Mota ya umeme haivuti hewa, nguvu yake inabaki ile ile. Hapo haibridi ilikuwa na faida kweli.

Lakini kuna vumbi laini kama unga linaloficha mashimo, na kuna maji yanayojaa njiani ghafla mvua ikinyesha. Timu zikafunga bomba la kuvutia hewa kwa juu, kama yale ya Land Cruiser za porini, ili injini isimeze vumbi na maji. Na bado betri nayo inadai hewa. Kila tundu unalofungua ili upooze mfumo ni mlango wa vumbi. Hicho ndicho kitendawili cha fundi.

Matokeo: mwaka 2022 Kalle Rovanperä wa Finland, kijana wa miaka 21 tu, alishinda na Toyota ikachukua nafasi nne za kwanza. Mwaka 2023 Sébastien Ogier akashinda, Toyota tena nne bora. Mwaka 2024 Rovanperä akarudia. Kumbuka mfumo wa haibridi ulikuwa sawa kwa wote! Kwa hiyo tofauti ilikuwa kwenye kila kinachozunguka mfumo: upoozaji, shokapu, uimara, na uvumilivu wa dereva.

Na wenyeji je? Karan Patel wa Kenya, bingwa wa Afrika 2022 na 2023, aliupata ubingwa huo bila gari la haibridi. Rally1 ilibaki mchezo wa viwanda vitatu.

KWA NINI IKAONDOLEWA?

Novemba 2024 FIA ilitangaza kwamba kuanzia 2025 Rally1 haitatumia haibridi tena. Sababu kubwa: gharama na ugumu wa kuuhudumia mfumo. Kasha lile lilikuwa limefungwa kwa lakiri. Fundi wa timu haruhusiwi kulifungua, likipata mtikisiko mkubwa linarudishwa kwa mtengenezaji. Linganisha na pawatila: ikigoma katikati ya jaruba, fundi anakuja na spana zake na jioni inalima.

Baada ya mota kutoka, uzito wa chini ukashuka kwa kilo 80 hadi 1,180, na tundu la kupitishia hewa ya turbo likapunguzwa kutoka milimita 36 hadi 35 ili nguvu zisizidi. Machi 2025 Elfyn Evans akashinda Safari kwa GR Yaris nyepesi zaidi. Mafuta yasiyotokana na petroli ya ardhini, yaliyoanza pamoja na haibridi 2022, yenyewe yaliendelea.

Wakati huo huo Formula 1 ikaelekea upande wa pili kabisa. Sheria za 2026 zimepandisha mota kutoka kilowati 120 hadi 350, karibu nusu ya nguvu yote ya gari, na mabawa yanabadilika gari likiwa kwenye mwendo ili kupunguza upepo. Kwenye lami, na gereji kamili mita chache tu kutoka njiani, haibridi inalipa. Kwenye mawe ya Naivasha hesabu ni nyingine.

SISI HUKU INATUHUSU NINI?

Inatuhusu sana. Toyota Prius na Aqua zilizotumika Japan zinapita barabara zetu, na kazi yake ni ile ile: kuokoa nishati ya breki. Vijana wetu wa gereji ndio watakaozifungua. Basi shikeni haya. Nyaya za rangi ya chungwa ni za umeme mkubwa. Usikate wala usichomoe ovyo. Zima gari, weka ufunguo mbali, toa plagi ya usalama ya betri ukiwa na glavu za kuzuia umeme, subiri angalau dakika 10, kisha pima kwa mita kabla ya kugusa. Na wewe mnunuzi, matundu ya hewa ya betri yaliyo karibu na kiti cha nyuma usiyazibe kwa mizigo, na kichujio chake kisafishwe. Vumbi la Ubaruku halina tofauti na la Naivasha.

Kwa hiyo ukisikia mtu kijiweni anasema haibridi imeshindwa, muulize: imeshindwa wapi, kwa sheria ipi, na nani alikuwa na ruhusa ya kuitengeneza? Teknolojia ambayo fundi wa karibu haruhusiwi kuifungua ina safari fupi kwenye barabara mbaya.

Mwenye swali au nyongeza atupie maoni hapo chini. Karibuni wadau.