Taarikhi ya Usingizi wa Kompyuta katika Nchi ya Mto Pangani

Katika wilaya ya Korogwe umeme ni mzaliwa wa nyumbani, kwani mitambo ya Hale, iliyoanza kazi mwaka 1964 kwa nguvu ya megawati 21, huendeshwa na maji ya mto Pangani. Walakini ujirani na mto haukuwa kinga, na ukame ulipoitia nchi katika mgao mkali wa umeme mwaka 2006, aliyekaa Korogwe au Handeni alihesabiwa katika gridi sawasawa na aliye mbali. Kwa mtu wa namna hiyo, kompyuta mpakato inayolala kwa amri na kuamka salama ni haja, wala si anasa.

Asili ya mashine kugoma kuamka ni ya zamani kuliko kompyuta mpakato zenyewe. Unix, iliyoanza mwaka 1969 katika maabara za Bell huko Marekani, ilitungwa kwa mashine zilizotumiwa na watu wengi kwa wakati mmoja, na kuilaza mashine kama hiyo kungekuwa ni kuwakatiza wengine kazi zao. Tanzania nayo ilianza na kompyuta kubwa ya Wizara ya Fedha mwaka 1965, kisha mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa vyombo hivyo. Na marufuku hiyo ilipolegea, ulimwengu ulikuwa umekwisha kuingia katika zama za mashine ndogo.

Mwaka 1992 Intel na Microsoft walitunga kanuni za APM, zilizoiachia BIOS, yaani programu iliyo chini kabisa ya mashine, mamlaka makubwa ya kulaza na kuamsha, ilhali BIOS haikujua mtumiaji ana shughuli gani. Desemba 1996 kampuni hizo, pamoja na Toshiba, zikatoa kanuni za ACPI, zilizouhamishia mfumo endeshi mamlaka hayo. Ndipo Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991 kwa kufuata desturi za Unix, ikajikuta msimamizi wa vifaa ambavyo watengenezaji wake, aghalabu, walivijaribu kwa Windows peke yake. Na kiendeshi kimoja kikikosea, iwe cha kadi ya picha au cha WiFi, kioo hubaki cheusi na feni inazunguka.

Taabu ya kumtafuta mkosaji ilikuwa kwamba wakati huo kioo hakijawaka, diski haijaamka, na kumbukumbu hupotea mara mtu anapoizima mashine kwa nguvu. Katika mwaka ule ule wa 2006 Torvalds alibuni hila: keneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, iandike alama za hatua zake za kuamka ndani ya saa ya mashine, ambayo ina betri yake yenyewe, na mashine ikiwashwa upya alama isomwe ili kifaa kilichokwama kijulikane. Gharama yake ni kuharibika kwa tarehe, na fundi wa Handeni asiyeijua hila hiyo aweza kudhani kuwa mashine imepata ugonjwa wa pili.

Siku hizi uchunguzi huenda kwa taratibu: kwanza husomwa daftari la mwasho uliopita kwa amri ya journalctl -b -1, kisha hulinganishwa usingizi mwepesi wa s2idle na ule mzito wa deep, na ikiwa kosa bado limejificha, jaribio la keneli liitwalo pm_test huipima safari ya kulala fungu kwa fungu, likianza na kugandisha programu, kisha vifaa, na kurudi kila mara baada ya sekunde 5, hata ijulikane ni wapi inapokwama. Lakini hata usingizi usio na ila hula betri kidogo kidogo, kwa kuwa kumbukumbu haiishi kudai umeme; kwa hiyo mahali ambapo mgao waweza kudumu tangu alfajiri hadi usiku, mwenye kazi ya thamani ni afadhali aiamuru mashine iyahifadhi yote diskini na kujizima kabisa, mradi nafasi iliyotengwa diskini itoshe kupokea yaliyomo katika kumbukumbu, maana njia hiyo, ingawa ni nzito wakati wa kuamka, haipotezi neno hata betri ikiisha.