Maarifa Hukutana Kazini: Funzo la Mlimani na la Tanuri la Wahaya

Katika shule na vyuo vyetu husemwa mara nyingi kwamba mwanafunzi lazima awe mbunifu. Kauli hiyo ni sahihi, lakini haitoshi, maana hakuna aliyepata kuwa mbunifu kwa kuhimizwa tu. Mtu hubuni anapochukua maarifa ya fani moja na kuyatumia kujibu swali lililoishinda fani nyingine. Kwa hiyo swali linalotukabili makada na wakufunzi ni hili: fani mbalimbali zikutanishwe kwa njia gani ili mwanafunzi azitumie kwa pamoja? Historia ya nchi yetu imekwisha kutoa majibu mawili. Inafaa tuyapime.

Urithi tulioachiwa

Serikali ya kikoloni haikumhitaji Mwafrika mwenye kuunganisha maarifa. Ilihitaji karani wa kuandika, tarishi wa kutumwa na mkulima wa kuzalisha pamba na katani. Kila mmoja alipewa kipande chake cha elimu, na aliyejua jambo zima alikuwa bwana peke yake. Mgawanyo wa kazi wa kikoloni ukazaa mgawanyo wa maarifa.

Machi 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alifichua ubaya mwingine wa elimu hiyo. Ilimzoesha kijana kuamini kwamba maarifa yote ya maana yamo vitabuni au vichwani mwa waliosoma. Mzee wa kijijini, mwenye kujua udongo, mbegu na majira, akahesabiwa kuwa mjinga. Hivyo mipaka ilikuwa ya aina mbili: mpaka kati ya fani na fani, na mpaka kati ya wasomi na wananchi wafanyao kazi.

Jibu la kwanza: somo la pamoja

Chuo Kikuu kilianza Dar es Salaam Oktoba 1961 kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, katika jengo la TANU. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, na karibu 400 wakarudishwa makwao. Tukio hilo lilionyesha wazi kwamba taifa lilikuwa linawasomesha vijana wasiojiona kuwa sehemu ya wananchi waliowalipia. Machi 1967 ukaitishwa mkutano wa kujadili wajibu wa chuo hicho katika Tanzania ya kijamaa.

Katika miaka iliyofuata likazaliwa wazo la somo la pamoja. Mwanasheria, mwanasayansi na mwanafasihi wote wasome uchumi, historia na matatizo ya jamii yao. Baada ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuwa chuo cha taifa mwaka 1970, somo hilo liliendelea chini ya jina la Taaluma za Maendeleo, na likawa la lazima kwa vitivo vyote. Hiyo ilikuwa hatua kubwa ya kimapinduzi. Vyuo vingi vya Afrika wakati huo viliendelea kunakili ratiba za London bila kujiuliza chochote.

Hata hivyo, hatuna budi kuitazama hatua hiyo kwa jicho la uchambuzi. Somo la pamoja liliongezwa juu ya masomo mengine, lakini masomo yenyewe yalibaki na kuta zake. Mwanafunzi wa uhandisi alikaa saa moja akisikiliza habari za unyonyaji, kisha akarudi kwenye hesabu zake za mihimili kana kwamba mambo hayo mawili hayajuani. Mtihani wa somo moja haukumwuliza la somo jingine. Lililokusudiwa kuwa daraja likageuka chumba kimoja zaidi katika nyumba ileile. Faida ya somo hilo katika kuamsha fikra haikanushiki, ila kuunganisha fani kwa vitendo ni kazi ambayo haikuweza kuikamilisha peke yake.

Jibu la pili: tanuri la Wahaya

Jibu la pili halikutoka katika ratiba ya chuo. Lilitoka Buhaya, mkoa wa Kagera wa leo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Peter Schmidt, mwanaakiolojia wa Kimarekani, alianza utafiti huko. Wazee wa Katuruka walimsimulia habari za mfalme Rugomora Mahe na za mahali paitwapo Kaiija, yaani mahali pa uhunzi. Mtaalamu mwenye kuheshimu mipaka ya fani yake angeziita hizo hadithi za kale. Yeye alizichukua kuwa ushahidi, akachimba, na mabaki ya kazi ya chuma yakapatikana, tena ya kale kuliko mfalme mwenyewe.

Hapo akiolojia ikafika mwisho wa uwezo wake. Mavi ya chuma yaliyofukuliwa hayakuweza kueleza yalivyotokea. Mwaka 1976 wazee waliowahi kuifanya kazi hiyo ujanani walikubali kuyeyusha chuma tena, baada ya miaka mingi ya kuiacha kwa sababu ya vyuma vya dukani. Walichimba shimo, wakalisiliba kwa udongo wa kichuguu, wakachoma matete ndani yake, wakapanga mirija ya udongo na kuvukuta. Donald Avery, mtaalamu wa metali, alikuwapo kupima joto na kuchunguza chuma kilichopatikana.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1978 katika jarida la Science la Marekani. Watafiti hao walieleza kwamba Wahaya walikuwa na ufundi wa juu wa kuyeyusha chuma uliodumu kati ya miaka 1,500 na 2,000, na kwamba hewa ilipashwa joto ndani ya mirija kabla ya kufika kwenye moto. Wataalamu wengine baadaye walilipinga hilo la kupashwa hewa, na mabishano ya namna hiyo ndiyo yanayokuza sayansi. La msingi ni kwamba swali lenyewe lisingeulizwa kamwe iwapo mzee, mchimbaji na mpima metali wasingesimama mbele ya tanuri moja.

Tukubali pia jambo lenye uchungu. Wazee walikuwa wetu, udongo ulikuwa wetu, lakini walioandika walikuwa wageni. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kufundisha akiolojia mwaka 1985. Kabla ya hapo hatukuwa tukiwaandaa hapa nchini vijana wa kuisoma ardhi yao wenyewe.

Funzo kwa wakati huu

Tukiyalinganisha majibu hayo mawili, tunaona kwamba fani hukutana pale kazi moja inapozidai zote. Ukweli huu una uzito leo. Mitaala mipya iliyoanza kutumika Januari 2024 imeleta mkondo wa amali kando ya mkondo wa jumla katika sekondari. Ni nafasi njema, na ina hatari ileile ya zamani: amali ikiwa chumba cha pembeni, tutapata fundi asiyeuliza kwa nini na msomi asiyejua vipi.

Mambo matatu yanawezekana bila kungoja fedha. Kwanza, wanafunzi wa fani tofauti wapewe tatizo moja la kweli, mfano kisima cha kijiji kinachoharibika kila mwaka. Mwenye fizikia achunguze pampu, mwenye hesabu akague mfuko wa kamati, mwenye historia aulize kisima kilipangwa na nani, na wote waandike ripoti moja. Pili, ripoti hiyo ipewe alama moja kwa wote, maana mwanafunzi hufuata mtihani ulipo. Tatu, fundi na mzee waitwe kufundisha, wala wasiletwe kama maonyesho.

Ndugu, wale wazee wa Buhaya walikuwa wachache mwaka 1976. Walio na maarifa kama yao katika kilimo, dawa, ujenzi wa majahazi na ufumaji wanapungua kila mwaka. Mkufunzi anayefungia somo lake darasani anawapotezea vijana walimu ambao hawatapatikana tena. Basi tuanze na tatizo lililo karibu na chuo chetu, muhula huu.