Kabla ya Talaka: Ardhi, Kahawa na Mwanamke wa Makamo katika Kasese na Bwera

Maandishi mengi kuhusu mwanamke aliyeachika huanzia siku anayofungasha. Yanamfuata njiani, yanapima machungu yake, kisha yanamsubiri ainuke: apewe mtaji, ajiunge na kikundi, afungue kibanda. Kwa mwanamke wa makamo katika wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda, mpangilio huo unapotosha. Hoja ya makala hii ni kwamba maisha yake baada ya ndoa kuvunjika huamuliwa, kwa sehemu kubwa, na yale yaliyoandikwa kwa jina lake ndoa ingali hai: mauzo ya kahawa, hisa katika kikundi cha akiba, makubaliano ya kiwanja. Ujasiri anao. Kinachokosekana mara nyingi ni karatasi.

Tuanze na umri, kwa sababu watafiti wengi huupita haraka. Binti wa miaka ishirini na mitano akirudi kwao huwakuta baba na mama, na huenda akaolewa tena, akapata shamba la kulima kupitia mume wa pili. Wa miaka arobaini na minane anarudi wapi? Wazazi pengine walishazikwa. Shamba la baba limegawanywa kwa kaka zake, na kaka nao wana vijana wanaosubiri zamu yao. Kwa Wakonzo wa Kasese, kama ilivyo kwa jamii nyingi za Uganda, ardhi hufuata ukoo wa baba. Mwanamke huilima bila kuimiliki, kwanza akiwa binti, baadaye akiwa mke. Na Kasese ardhi yenyewe imebanwa. Juu kuna Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Rwenzori, iliyotangazwa mwaka 1991. Chini kuna Hifadhi ya Malkia Elizabeth. Katikati, kwenye miteremko na vipande vya tambarare, ndiko walikobanana watu karibu 695,000 waliohesabiwa katika sensa ya mwaka 2014. Mafuriko ya mto Nyamwamba ya Mei 2013, kisha ya Mei 2020, yamezidi kuimega hata hiyo iliyobaki. Dada anayerudi na kuomba robo ekari huonekana, hata na kaka anayempenda, kuwa amekuja kupunguza urithi wa watoto wa nyumba ile.

Ndoa zenyewe huvunjika kimyakimya. Nyingi ni za kimila: mbuzi walitolewa, wazee wakakaa, bibi harusi akasindikizwa. Sheria ya Usajili wa Ndoa za Kimila ya mwaka 1973 inataka ndoa hizo ziandikishwe kwenye kaunti ndogo, lakini wanaokwenda kuandikisha ni wachache. Nyingine hazikufika hata kwenye mbuzi. Ni watu walioishi pamoja miaka ishirini, wakazaa, wakajenga, na sheria haiwatambui kuwa mume na mke. Ndoa za namna hii zikifa hazina tarehe ya kifo. Mume amechukua mwanamke mwingine mjini, au ng'ambo ya mpaka huko Kasindi, Kongo. Anakuja nyumbani kila wiki, kisha kila mwezi, kisha msimu wa kahawa tu. Hakuna aliyemwacha mwenzake kwa kauli. Mwenyekiti wa kijiji, ambaye ndiye mwamuzi wa kwanza wa mambo haya, hana cha kuamua kwa kuwa hakuna aliyefika kwake kushtaki.

Mahakama za Uganda zimefanya kazi kubwa katika eneo hili, na ni haki kuitaja kabla ya kuipima. Machi 2004, katika shauri lililofunguliwa na chama cha wanasheria wanawake, FIDA Uganda, Mahakama ya Katiba ilibatilisha vifungu vya Sheria ya Talaka ya mwaka 1904 vilivyomruhusu mume kuvunja ndoa kwa kuthibitisha uzinzi tu, ilhali mke alitakiwa kuthibitisha uzinzi pamoja na kosa jingine, kama ukatili au kutelekezwa. Agosti 2015, katika shauri lililofunguliwa na shirika la Mifumi, Mahakama ya Juu ilitamka kwamba desturi ya kudai mahari irudishwe ndoa ya kimila inapovunjika inakwenda kinyume na Katiba. Mahari yenyewe haikuguswa.

Uamuzi huo wa 2015 unafaa kusomwa kwa macho ya mlimani. Mbuzi waliotolewa mwaka 1990 hawapo tena: wengine waliliwa, wengine walitolewa tena kaka alipooa. Kwa hiyo dai la kurudishiwa mahari lilikuwa, kwa vitendo, dai dhidi ya kaka, na kaka asiye na mbuzi alikuwa na kila sababu ya kumsihi dada yake avumilie. Mahakama imemwondolea kaka hofu hiyo, na hilo si jambo dogo hata kidogo. Wanaoubeza uamuzi huo kwa kuwa uliiacha mahari hawajafikiria ni nani hasa aliyekuwa akimrudisha mwanamke kwa mumewe usiku. Hata hivyo, mwanamke sasa yuko huru kuondoka, na uamuzi haukusema aende kuishi wapi.

Shauri lenye uzito zaidi kwake, kwa maoni yangu, ni la Rwabinumi dhidi ya Bahimbisomwe, lililoamuliwa mwaka 2013. Mahakama ya Juu ilikataa kwamba kufunga ndoa peke yake kunaifanya mali yote igawanywe nusu kwa nusu. Kinachoangaliwa ni mchango wa kila mmoja, na mchango usio wa fedha pia huhesabiwa. Mke wa Kampala ataleta taarifa za benki na risiti za saruji. Mkulima wa Kyarumba, mlimani Kasese, ataleta nini? Miaka ishirini na mitano amepalilia mibuni. Amechuma matunda yaliyoiva, ameyamenya kwa mashine ya mkono, amezilowesha mbegu usiku kucha, amezianika kichanjani na kuzikimbiza ndani kila wingu lilipotanda. Kisha mnunuzi akaja na mizani yake, fedha zikahesabiwa kiganjani mwa mume. Wapo pia waume wanaouza kahawa ingali maua: fedha zimeshatumika kabla mke hajachuma tunda la kwanza, naye huchuma kulipa deni asilolijua. Kazi imefanyika, kijiji kizima kimeiona, wala hakuna mahali ilipoandikwa.

Hapa ndipo ushirika wa Bukonzo Joint, wenye makao yake Kyarumba, unapopata umuhimu kuliko unavyotajwa katika ripoti za maendeleo. Katika miaka ya 2000, kwa kushirikiana na Oxfam Novib na mtafiti Linda Mayoux, ushirika huo ulisaidia kukuza mbinu iitwayo GALS, ambayo baadaye IFAD na mashirika mengine waliipeleka katika nchi nyingine za Afrika. Mbinu hiyo hutumia michoro, ili asiyejua kusoma asiachwe nyuma. Zoezi mojawapo ni mti. Shina ni kaya. Mizizi ya upande mmoja ni kazi za mke, ya upande wa pili ni kazi za mume: nani analima, nani anachota maji, nani anaanika, nani anapeleka sokoni. Matawi ni matumizi: ada ya shule, chumvi, pombe, mbuzi wa sherehe. Kando ya shina huchorwa mali na mwenye kuimiliki. Wanandoa wakimaliza wanatazama pamoja kama mti huo unaweza kusimama. Mara nyingi mizizi imejaa upande wa mke, na mali iko upande wa mume. Baadhi ya wanandoa waliopita katika mafunzo hayo walikubaliana kuandika ardhi kwa majina ya wote wawili.

Tathmini za mbinu hii huuliza kama ugomvi umepungua na kipato kimepanda. Ni maswali halali, lakini yanauangalia mti kama dawa ya ndoa. Mimi nauangalia kama ushahidi. Hapa kuna karatasi inayotaja mchango wa mke, iliyochorwa mume akiwepo, akibishana, hatimaye akikubali. Ongeza daftari la ushirika lenye jina la mwanachama mwanamke, tarehe na kilo alizopeleka, nawe una kile ambacho hukumu ya 2013 inakidai na ambacho mkulima hakuwa nacho. Hakuna aliyebuni michoro hii kwa ajili ya mahakama. Pengine ndiyo maana waume wanakubali kuichora.

Ukishuka Bwera, karibu na mpaka wa Kongo, mambo ni mengine. Huko mwanamke asiye na mbuni hata mmoja ana mpaka. Siku za soko la Mpondwe, Jumanne na Ijumaa, maelfu ya watu huvuka kati ya Uganda na Kasindi upande wa Kongo, wakiwa na samaki wakavu, unga, maharagwe na sabuni kwenda huko, mawese na vitenge kurudi huku. Wakonzo wa upande huu na Wanande wa upande ule wanasikilizana kwa lugha zao, na anayetoka mbali zaidi huuziwa kwa Kiswahili. Baraza la Mawaziri la Uganda lilipoidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022, wachuuzi wa Mpondwe walikuwa wameshakitumia kupunguziana bei maisha yao yote. Hapa mwanamke wa makamo ana faida juu ya binti. Anajulikana. Muuza samaki wa Katwe anampa mzigo kwa mkopo kwa sababu amemwona miaka mingi, na wateja wake wa Kasindi wanamwita mama kabla hajatua beseni.

Lakini mpaka ni shamba lisilo na msimu wa uhakika. Juni 2019 Ebola iliingia kutoka Kongo, na wagonjwa wakatibiwa Bwera. Machi 2020 mipaka ilifungwa kwa watu kwa sababu ya korona, na mtaji wa mchuuzi, ambao ni mzigo wa wiki hii tu, ukaliwa nyumbani. Juni 2023 wanamgambo wa ADF waliivamia Shule ya Sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, wakaua zaidi ya watu arobaini, wengi wao wanafunzi. Anayemshauri mwanamke aliyeachika aende tu akafanye biashara mpakani anapaswa kukumbuka miezi hiyo.

Kinachomvusha ni sanduku. Vikundi vya akiba na mikopo vya mtindo ulioanzishwa na CARE nchini Niger mwaka 1991 vimeenea Uganda nzima, na utaratibu wake ni rahisi kueleza: sanduku la bati lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, sanduku kwa mtu wa nne. Kila wiki hisa zinanunuliwa na kugongwa muhuri katika kijitabu cha mwanachama. Mwisho wa mwaka zinagawanywa. Wachumi hupima riba. Ninachokiona ni kwamba wanawake ishirini na zaidi wameshuhudia, wiki baada ya wiki, fedha za mwenzao zikihesabiwa kwa sauti kwa jina lake. Mume hawezi kulifungua sanduku lile, wala hawezi kesho kusema mke wake hakuwa na kitu. Nisilipambe, hata hivyo: mikopo mingi ya sanduku huchukuliwa kwa shida za mume, na anayebaki na deni ni mwenye kijitabu.

Watoto wa kiume ni upande wa suala hili ambao fasihi ya haki za wanawake huukwepa. Kwa mama wa makamo, mwana aliyekua ndiyo njia ya kubaki kwenye ardhi bila kuwa mke: anajengewa nyumba ndogo kwenye sehemu ya mwanawe, analima, anapika kwake, na baba mtu anaishi hatua hamsini kutoka hapo na mke mwingine. Kwa jicho la mila hajaachika, ni mama wa fulani. Utaratibu huo umewahifadhi wanawake wengi kuliko korti yoyote. Nao pia unamweka chini ya huruma ya mkwe wake, na mwana akioa vibaya au akiuza sehemu yake, mama anahama tena. Sera hazimwoni kabisa. Mpango wa Maendeleo wa Parokia, uliozinduliwa mwaka 2022, hutoa shilingi milioni moja kwa kaya. Mama huyu ni kaya, au ni mkazi katika kaya ya mwanawe?

Pingamizi kubwa dhidi ya hoja yangu linajulikana. Kuandika mali kwa majina mawili, kuweka akiba ya siri au ya wazi, ni kujiandalia kuachika; mke mwema hajengi nyumba ya pili moyoni. Hoja za namna hii zilisikika nchi nzima mwaka 2013, wabunge walipotumwa majimboni kuwauliza wananchi kuhusu Muswada wa Ndoa na Talaka, wakarudi na hasira za wapiga kura, na muswada ukawekwa kando. Nadhani wapinzani wale waliona jambo la kweli: muswada uliwajia kwa jina la talaka. Wanandoa wa Kyarumba hawakuombwa kuzungumzia talaka. Waliombwa kuchora nani anafanya nini. Matokeo kwenye ardhi yanaweza kuwa yale yale.

Limebaki swali moja linaloipinda hoja yangu mwenyewe. Tuchukue mwanamke aliyefanikiwa: kwa mgao wa sanduku na faida ya Mpondwe amenunua kiwanja pembeni ya Bwera. Makubaliano yameandikwa kwa mkono, mashahidi wametia sahihi, mwenyekiti wa kijiji amegonga muhuri. Miaka mitatu baadaye anataka kukiweka rehani ili aongeze vyumba vya kupangisha. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 inataka ridhaa ya mwenzi kabla ardhi ya familia haijauzwa au kuwekwa rehani, kinga iliyowekwa hasa kwa ajili ya wake, na mkopeshaji makini atamwuliza kuhusu mume. Mume yupo, na ndoa haijavunjwa popote. Karatasi ambayo hakuihitaji alipokuwa akiondoka, ile ya talaka, anaihitaji sasa ili alinde alichokipata baada ya kuondoka. Na ndoa ya kimila isiyoandikishwa itamlazimu kwanza kuthibitisha kwamba aliolewa, ndipo athibitishe kwamba hajaolewa tena na mtu yule.