Gemu ya polisi na marufuku ya 1974

Gemu ya kompyuta iitwayo Police Quest: SWAT ilitimiza miaka 30 mwaka 2025, na hapa Lushoto kuna fundi kompyuta jirani na stendi ambaye hajaacha kuicheza. Kampuni ya Sierra ya Marekani iliitoa mwaka 1995 ikiwa kwenye sidii nne. Askari wake hawakuchorwa. Ni waigizaji waliorekodiwa kwa kamera, wamevaa gwanda na kofia ngumu, nawe unawaongoza kwa kubonyeza mausi.

Kompyuta inayoonyesha video! Kwetu vyote viwili viliwahi kukatazwa: mwaka 1974 amri moja ya serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na televisheni, zote mbili kwa mpigo. Kompyuta ziliponzwa na Wizara ya Fedha, ambako mfumo wa hesabu ulikuwa umevurugika. Televisheni ilihesabiwa anasa. Zanzibar wakawa na televisheni ya rangi, sisi wa Bara tukabaki na redio. Masharti yalilegezwa baadaye, na vituo kama ITV na DTV vikaanza 1994. Gemu inatoka, Bara ndiyo kwanza ina televisheni ya mwaka mmoja.

Fundi, ambaye sehemu kubwa ya haya nimeyapata kwake, amri hiyo haimshughulishi. Ukimgusia Daryl Gates, hapo ndipo anaweka chini bisibisi.

Gates alikuwa mkuu wa polisi wa Los Angeles tangu 1978. Machi 1991 mkazi mmoja akiwa kwenye roshani yake aliwarekodi askari wa jiji hilo wakimpiga dereva Mweusi, Rodney King, na dunia nzima ikaona. Aprili 29, 1992 kesi iliisha bila askari yeyote kutiwa hatiani. Jiji likawaka, watu zaidi ya 50 wakafa. Gates akaondoka Juni. Mwaka uliofuata tu, Sierra wakatoa gemu ya nne ya Police Quest yenye jina lake kwenye jalada, wakati zile za awali, tangu 1987, zilikuwa kazi ya Jim Walls, askari mstaafu wa barabarani. Wengi walikasirika: huyu ndiye wa kuwafundisha watoto kazi ya polisi?

Fundi anamtetea. Gates, anasema, ni miongoni mwa walioasisi kikosi maalumu cha polisi cha SWAT miaka ya 1960, na anayejua kazi ndiye wa kuulizwa. Lushoto ni mji wenye Chuo cha Uongozi wa Mahakama, kwa hiyo ubishi wa nani kaachiwa na kwa nini haukosi wachangiaji kibandani. Mimi siko upande wa fundi. Video ya jirani ilimwangusha mtu, video ya studio ikamsafisha, na kampuni ikauza.

Lakini gemu ya SWAT yenyewe si ya kumwaga risasi. Unaanzia mafunzoni, kwenye shabaha na mihadhara mirefu. Katika kazi mojawapo mtuhumiwa ni bibi kizee mgonjwa wa akili, yumo nyumbani kwake na silaha. Unasogea chumba kwa chumba, unasubiri neno la kiongozi redioni. Ukifyatua bila sababu, umefeli. Vijana waliozoea kugombania pedi za FIFA hutazama dakika tano, wakauliza mbona hawaingii tu, wakaondoka.

Baada ya gemu hiyo mfululizo uligeukia picha za kuchora za kompyuta. SWAT 4 ilitoka 2005, na Gates akafariki 2010. Siku hizi gemu hii huchezwa kwa programu kama ScummVM, sidii hazihitajiki tena.

Sidii zimeisha lakini gemu imebaki, na hilo ndilo linaloniudhi. Wamarekani wamehifadhi hata gemu za askari wao wenye kesi, sisi tumetupa kanda za vibanda vya video pamoja na sauti za kina Lufufu waliotutafsiria sinema. Milimani huku sidii zinaning'inizwa bustanini kufukuza ndege, na kijana wa miaka 20 ukimwambia kwamba televisheni iliwahi kupigwa marufuku, anadhani unamtania.