Swali la kodi lililoiangusha New York

Mwishoni mwa Februari 1975, mawakili wa Bankers Trust, mojawapo ya benki zilizokuwa zikiliuzia Jiji la New York dhamana zake, waliuliza swali ambalo karani wa kodi angepaswa kulijibu kabla chai haijapoa: hadi leo, kodi ya majengo ambayo haijakusanywa ni kiasi gani?

Jiji halikuwa na jibu. Likalazimika kufuta uuzaji wa dhamana za muda mfupi za dola milioni 260, na miezi michache baadaye hakuna benki iliyotaka tena kulikopesha.

Mwaka 2025 ilitimia miaka 50 tangu mkasa huo. Wengi hukumbuka mameya, vyama vya wafanyakazi na Rais Ford aliyekataa mwanzoni kuliokoa Jiji. Wachache humkumbuka mtu aliyezaliwa na mkasa wenyewe, naye ni wakili wa uwazi, anayekaa na mweka hazina wa manispaa na kumhoji mpaka kila kinachomhusu mkopeshaji kiandikwe kwenye waraka wa mauzo.

Kabla yake alikuwepo wakili mwingine. Katika karne ya 19 miji ya Marekani ilikopa ili kujengewa reli, na reli zilipokwama baadhi ikadai kwamba hatifungani zilitolewa kinyume cha sheria. Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ililitolea uamuzi shauri la mji wa Dubuque, Iowa, mwaka 1864. Kutokana na migogoro ya aina hiyo, wanunuzi walianza kudai barua ya wakili inayothibitisha kwamba deni ni halali. Wakili huyo aliangalia kama mji una mamlaka ya kukopa. Kama una uwezo wa kulipa, hiyo haikuwa kazi yake.

Sheria ya dhamana ya mwaka 1933 nayo iliziacha manispaa nje ya usajili, ingawa haikuziruhusu kudanganya. Kwa hiyo hadi miaka ya 1970, jiji kubwa liliweza kukopa mamilioni kwa kurasa chache za tangazo.

New York ilikuwa bingwa wa mtindo huo. Meya Abraham Beame alikuwa mhasibu, aliwahi kuwa mdhibiti wa hesabu za Jiji, na aliomba kura kama mtu anayeijua hesabu. Lakini mishahara na gharama nyingine za kila siku zililipwa kwa mikopo, na mikopo ikalipwa kwa mikopo mipya. Kati ya Oktoba 1974 na Machi 1975, dhamana za muda mfupi zenye thamani ya takriban dola bilioni 4 ziliingizwa sokoni. Thamani ya kila kipande ilipunguzwa hadi dola 10,000 ili mwananchi mwenye akiba yake naye anunue.

Hapo ndipo swali la mawakili, wa kampuni ya White & Case, lilipochoma. Sheria ya jimbo iliruhusu kukopa kwa kutarajia kodi, ila mkopo usizidi kodi ambayo bado haijalipwa. Kuuliza kiasi hicho, basi, kulikuwa kuuliza kama rehani ipo. Ofisi ya mdhibiti wa hesabu, Harrison Goldin, haikuweza kutoa uthibitisho uliotakiwa. Ukaguzi wa jimbo ulikuja kubaini kwamba sehemu kubwa ya kodi iliyohesabiwa kama mali isingelipwa kamwe. Nyingine ilidaiwa kwenye majengo ya umma yenyewe, yaani Jiji lilikuwa linajidai kodi na kukopa kwa deni hilo.

Ripoti ya Agosti 1977 ya watumishi wa tume ya serikali kuu inayosimamia masoko ya dhamana, ambayo makala haya yanaifuata kwa kiasi kikubwa, haikumstahi mtu. Ilisema Beame na Goldin waliwapotosha wanunuzi, na mabenki yaliyajua matatizo lakini yakaendelea kuuza. Wanasheria wa zamani, wale wa barua ya uhalali, waliambiwa kwamba mtu anayeona dalili za moshi hawezi kusema yeye aliitwa kukagua hati ya kiwanja tu. Beame aliilaani ripoti kuwa ni siasa. Chini ya wiki mbili baadaye alishindwa katika kura za mchujo za chama chake.

Polepole manispaa zikaanza kuajiri wakili wa pili, yule wa uwazi. Huyu huandaa waraka wa mauzo, hupitia bajeti, kesi na mifuko ya pensheni, kisha mara nyingi hutoa barua kwamba katika kazi yake hakukutana na jambo la kumfanya aamini kuwa waraka una uongo au umeficha jambo zito.

Yaliyofuata yanasimulika haraka. Mwaka 1983 mradi wa vinu vya nyuklia wa jimbo la Washington ulishindwa kulipa hatifungani za dola bilioni 2.25. Mwaka 1989 ikatungwa kanuni ya kuwataka mawakala wapate na kuusoma waraka kabla ya kuuza. Orange County, California, ikafilisika mwaka 1994. Mwaka 2006 tume ileile ilibaini kwamba jiji la San Diego lilificha pengo la pensheni, ingawa nalo lilikuwa na wataalamu wake. Mtu anayelipwa na mwenye siri ana ujasiri wenye mipaka.

Kwetu Tanzania historia hii ndiyo kwanza inaanza. Mwaka 2024 Mamlaka ya Maji Tanga iliuza hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, kwa riba ya asilimia 13.5, na wanunuzi wakaleta zaidi ya kilichoombwa. Ni jambo la kujivunia. Halmashauri nazo zimeona njia, na zitakuja.

Zitakapokuja, tutasikia zaidi kuhusu riba kuliko kuhusu waraka wa mauzo. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mwananchi atakayepeleka akiba yake ana haki ya kujua nani aliikagua halmashauri hiyo, na kama aliuliza kodi ambayo haijakusanywa ni kiasi gani.