Kimelea cha Katanga na Kinga ya Mbu

Jules Bordet, daktari kijana aliyesomea Brussels, alikuwa Paris mwaka 1895 akipasha moto seramu ya wanyama waliokwisha kupewa kinga. Kwenye nyuzijoto 55 hivi seramu ile ilipoteza nguvu ya kuua bakteria. Alipoichanganya na seramu mbichi ya mnyama asiye na kinga yoyote, nguvu ikarudi. Ndani ya damu, basi, kulikuwa na vitu viwili: kimoja huzaliwa baada ya mwili kukutana na ugonjwa, kingine kipo tangu awali na huharibiwa na joto. Hicho cha pili ndicho kilichokuja kuitwa komplementi. Mwaka 1901 Bordet alirudi Brussels kuongoza Taasisi mpya ya Pasteur, na Tuzo ya Nobel ya 1919 ikamfuata huko.

Ilichukua karne nzima kabla ya kinga ya namna hiyo kuonekana ndani ya mbu wa malaria, na njia ya kufika huko ilipitia kwa wasemaji wa Kiswahili.

Karibu na Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, huko Katanga nchini Kongo, Mbelgiji Ignace Vincke alikuwa ameona vimelea kwenye tezi za mate za mbu aitwaye Anopheles dureni, anayeishi katika misitu ya kandokando ya mito. Vimelea vile havikuwa vya binadamu. Vilikuwa vya nani? Vincke alimsaka mnyama anayeumwa na mbu huyo, na mwaka 1948, pamoja na Marcel Lips, akamtangaza: panya wa vichakani. Kimelea kikaitwa Plasmodium berghei, kwa heshima ya profesa Louis van den Berghe. Nasikitika kwamba jina hilo haliitaji Katanga hata kidogo.

Kwa watafiti, ilikuwa neema. Kabla ya hapo walitegemea zaidi malaria ya ndege, maana nyani ni ghali na binadamu si wa kuchezewa. Sasa panya mweupe wa maabara aliweza kuugua malaria ya mamalia, tena isiyomdhuru mtafiti. Lakini kumwambukiza mbu kulisumbua kwa miaka mingi. Katika chumba chenye joto la kawaida la kufugia mbu, kimelea hakikukua. Jibu lilikuwa katika hali ya hewa ya kwao: Katanga ni nyanda za juu, na kimelea hiki kinataka nyuzijoto 20 hivi. Katika miaka ya 1960 Meir Yoeli na wenzake, New York, waliweza kukizungusha maabara kutoka panya hadi mbu na kurudi kwa panya.

Huko Heidelberg, Ujerumani, kundi la Fotis Kafatos lilikitumia pamoja na zana mpya. Mwaka 2002 jenomu ya mbu wa malaria Anopheles gambiae ilichapishwa, na mwaka huohuo Stéphanie Blandin na wenzake wakaonyesha jinsi ya kumdunga mbu mzima RNA yenye nyuzi mbili ili kuzima jeni moja tu. Mwaka 2004 wakaizima TEP1, protini ya ukoo mmoja na komplementi ya Bordet. Vimelea vilivyosalia hai tumboni mwa mbu vikaongezeka mara kadhaa. Kumbe mbu hupambana navyo, na kwa kawaida huviua vingi.

Hata hivyo, Plasmodium berghei na Anopheles gambiae hawakutani porini. Plasmodium falciparum, kinachowaua watoto wetu, kimeishi na mbu huyo muda mrefu, na mwaka 2013 ilionyeshwa kwamba jeni yake Pfs47 hukisaidia kuikwepa kinga hiyohiyo. Kwa maoni yangu, hapo ndipo maabara za mbali hufikia kikomo chake. Kule Bagamoyo, Taasisi ya Afya Ifakara sasa inachunguza mbu waliobadilishwa jeni ndani ya maabara yenye ulinzi mkali, na vimelea vinavyotumika kuwajaribu vimetoka kwa wagonjwa wa Tanzania.